Barafu ndiyo yenye ratiba: jinsi ya kwenda Ittoqqortoormiit, mashariki mwa Greenland

Karibu kila anayepanga safari ya Ittoqqortoormiit huanza kwa kuuliza barafu inaondoka lini ili apate kufika. Mwenyeji hujiuliza kinyume chake: barafu itashika lini ili apate kutoka. Kwa mgeni, bahari iliyoganda ni ukuta. Kwa mwindaji wa kule ni barabara, ni shamba, na ni njia ya kwenda kumtembelea ndugu. Ukishalielewa hilo, mambo mengi yanayowachanganya wasafiri hujieleza yenyewe, tangu bei ya tiketi hadi sababu ya duka kuwa tupu mwezi Julai.

Kijiji kina watu wapatao 350. Kiko latitudo ya digrii 70 kaskazini, karibu na mlango wa Kangertittivaq, ambao ramani nyingi huuandika Scoresby Sund, mfumo wa hori (mikono ya bahari inayoingia ndani ya nchi kavu) unaotajwa kuwa mkubwa kuliko yote duniani. Jirani wa karibu ni mji wa Tasiilaq, kilomita 800 hivi kusini, na hakuna barabara ya kwenda huko. Magharibi ni ngao ya barafu ambayo unene wake hufika kilomita tatu. Kaskazini ni Hifadhi ya Taifa ya Kaskazini-Mashariki mwa Greenland, iliyoanzishwa mwaka 1974, yenye kilomita za mraba 972,000. Hifadhi hiyo peke yake ni kubwa kuliko Tanzania nzima pamoja na maziwa yake, na ndani yake hakuna kijiji hata kimoja.

Kwa nini basi watu wakae hapo? Jibu lina sehemu mbili, moja ya bahari na nyingine ya siasa.

Ya bahari ni hii. Mlangoni mwa hori kuna eneo ambalo upepo na mikondo hulizuia lisigande hata katikati ya majira ya baridi. Maji yakibaki wazi, mwanga hupenya, viumbe vidogo huzaliana na samaki hufuata. Nyuma ya samaki huja sili, walarasi (yule mnyama mzito wa jamii ya sili mwenye meno mawili marefu), narwali (nyangumi mdogo ambaye dume lake huwa na jino refu kama mkuki), na dubu wa barafu anayewawinda sili. Ndege wa baharini huja kutaga kwenye majabali ya karibu kwa mamilioni. Mwindaji anayeishi kando ya maji hayo ana chakula mwaka mzima, mradi barafu inayomfikisha ukingoni iwe imara.

Ya siasa ni kwamba kijiji kilianzishwa mwaka 1925 na Ejnar Mikkelsen, Mdenmark aliyeleta walowezi kama 80, wengi wao kutoka eneo la Tasiilaq ambako uwindaji ulikuwa umepungua. Wakati huo Norwei nayo ilikuwa ikiidai pwani ya mashariki. Kuwa na watu wanaoishi na kuwinda pale kuliipa Denmark hoja, na mwaka 1933 mahakama ya kimataifa ya The Hague iliamua kwamba Greenland yote ni ya Denmark. Lakini wale walowezi hawakuwa watu wa kwanza kuishi huko. Wainuit wa kale, wenyeji wa asili wa Greenland, walikwisha kuacha mabaki ya nyumba zao kandokando ya hori. Mwaka 1823 Mwingereza Douglas Clavering alikutana na familia ya watu 12 kaskazini zaidi, na baada yao hakuna msafiri aliyeandika kwamba amemwona mwenyeji yeyote katika sehemu ile ya pwani.

Misimu miwili, na pengo kati yake

Watu wa pwani yetu wanajua maana ya kupanga safari kwa kusi na kaskazi: jahazi halibishani na upepo. Huko mwenye amri ni barafu, nayo hutoa misimu miwili ya ugeni.

Wa kwanza ni msimu wa sleji, chombo kisicho na magurudumu kinachovutwa na mbwa juu ya barafu, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Mei. Barafu ya bahari ni nene, jua limerudi, na mbwa wana nguvu. Machi ni kawaida kukuta baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na upepo ukivuma mwili huhisi baridi zaidi ya hiyo. Aprili ndiyo mwezi bora kwa mtu anayetaka kuona maisha ya uwindaji: mchana ni mrefu, sili huanza kulala juu ya barafu kuota jua, na barafu bado inaaminika.

Wa pili ni msimu wa boti, Agosti na Septemba. Hapo meli huingia, siwa barafu (vilima vya barafu vinavyoelea) hutanda horini, na vilima hugeuka vyekundu na njano. Ni majira mazuri ya mandhari, ila anayekuja wakati huo asitarajie kuona sleji ikitembea. Mbwa huwa wamefungwa minyororo wakipumzika, na wengi hulishwa mara moja kila baada ya siku moja au mbili. Mgeni akiwaona hudhani wanateswa, kumbe hawafanyi kazi na hawahitaji chakula cha mwanariadha.

Kati ya misimu hiyo, yaani Juni na sehemu kubwa ya Julai, kuna pengo, na ndimo wageni wasiouliza hunasa. Barafu imelainika kiasi cha kutobeba sleji, lakini haijavunjika kiasi cha kupitisha boti. Unaweza kufika kwa ndege ukakaa kijijini wiki nzima huku ukiitazama bahari usiyoweza kuigusa. Mkondo wa Mashariki mwa Greenland nao huteremsha barafu nzito kutoka Bahari ya Aktiki, kwa hiyo hata horini kukiwa wazi, nje kunaweza kuwa kumeziba. Hori huwa limeganda takriban miezi tisa kwa mwaka.

Giza nalo lina hesabu yake. Kuanzia karibu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, na kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai halizami. Msafiri Mwislamu aamue mapema atafuata saa za mji gani kwa sala zake.

Njia, na karatasi

Hakuna anayefika kwa bahati. Njia ya kawaida ni ndege ndogo kutoka Iceland hadi kiwanja cha Nerlerit Inaat, ambacho huitwa pia Constable Point. Kiwanja hicho kilijengwa mwaka 1985 na kampuni ya mafuta ya ARCO iliyokuwa ikitafuta mafuta eneo la Jameson Land. Mafuta hayakupatikana, kiwanja kikabaki. Kiko kilomita 40 hivi kutoka kijijini, na umbali huo huvukwa kwa helikopta ndani ya robo saa, au wakati wa baridi kwa sleji au pikipiki ya theluji.

Hapo ndipo safari hukwamia. Ndege haziji kila siku, helikopta ina viti vichache, na ukungu wa baharini ukishuka vyote viwili husimama. Weka angalau siku tatu za akiba upande wa kurudi, na usikate tiketi ya Iceland kwenda nyumbani ya siku ile ile. Mzigo uliozidi uzito hubaki ukisubiri safari nyingine, kwa hiyo dawa, nguo za ndani za sufu na betri viwe kwenye begi la mkononi. Bima nayo itamke wazi kwamba italipia kukuhamisha kwa ndege ukiumwa: kijijini kuna zahanati ndogo, si hospitali ya upasuaji.

Sasa viza, ambayo huwaangusha Waafrika Mashariki kuliko barafu. Greenland ni sehemu ya Ufalme wa Denmark, lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ilijitoa pia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1985. Maana yake ni kwamba viza ya Schengen, hata iliyotolewa na Denmark yenyewe, haikupi ruhusa ya kuingia Greenland mpaka iandikwe wazi kwamba inatumika huko. Na kwa kuwa njia yako inapita Iceland, ambayo imo Schengen, unahitaji vyote viwili: viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja, na ile ya Greenland. Ukipewa ya kuingia mara moja tu utatoka Iceland vizuri, kisha urudi uwe mtu asiye na viza. Kwa ndugu walioko Ulaya, kibali cha kuishi Ujerumani au Sweden, au hata Denmark, hakikupi moja kwa moja haki ya kuingia Greenland kama pasipoti yako ni ya nchi inayohitaji viza. Ombi hupitia ubalozi wa Denmark. Taja Greenland tangu mwanzo wa fomu, usisubiri kuongeza baadaye.

Ukitaka kuingia kwenye hifadhi ya taifa, hicho ni kibali kingine kutoka serikali ya Greenland iliyoko Nuuk. Wawindaji wa Ittoqqortoormiit wana haki ya kuwinda humo, na mgeni hairithi haki hiyo kwa kupanda sleji yao.

Mbwa, kamba na barafu

Mbwa wa Greenland hulindwa na sheria. Mashariki yote ya Greenland, na magharibi kaskazini mwa Mzingo wa Aktiki, hairuhusiwi kuingiza mbwa wa aina nyingine. Akitoka mmoja wao kwenda kusini, harudi. Hata hivyo idadi yao nchini imepungua karibu nusu ndani ya miongo miwili, kwa sababu ya gharama za kuwalisha, magonjwa, pikipiki za theluji na barafu isiyotabirika.

Wamebaki Ittoqqortoormiit kwa sababu moja ambayo wageni wengi hawaijui: sheria ya uwindaji wa dubu hairuhusu kumfuata kwa chombo cha mota cha nchi kavu. Anayetaka dubu lazima awe na mbwa. Uwindaji wenyewe una mgawo wa kila mwaka tangu 2006, ni wa wawindaji wenye leseni ambao uwindaji ndiyo kazi yao tu, na jike mwenye watoto haguswi. Mtalii hana nafasi humo, hata awe na fedha kiasi gani.

Sleji ya huko huvutwa kwa mpangilio wa upepeo. Kila mbwa ana kamba yake, mita kama tano, na zote hukutana sehemu moja mbele ya sleji. Alaska na Kanada ya misituni hufunga mbwa wawili wawili kwenye kamba moja ndefu kwa sababu lazima wapite katikati ya miti. Juu ya bahari hakuna miti. Upepeo humwezesha kila mbwa kuchagua pa kukanyaga, na barafu ikipasuka, anayetumbukia hawavuti wenzake wote. Ubaya wake ni kwamba mbwa hubadilishana nafasi wakikimbia, na kamba husukana kama nywele. Mwendeshaji husimama kila baada ya muda, anavua glovu na kufumua fundo kwa vidole vitupu kwenye baridi inayouma. Usimharakishe wala usimsaidie bila kuambiwa. Mbwa wanajua kwamba fundo likiisha wanaondoka, na wakiondoka hawaangalii nani yuko juu ya sleji na nani yuko chini.

Sleji yenyewe hufungwa kwa kamba katika maungio, haikazwi kwa misumari peke yake, ili ijipinde ikipita kwenye barafu iliyovunjika. Ingekuwa ngumu ingekatika. Abiria huketi ubavu juu ya ngozi na kuinua miguu. Kosa linaloumiza watu zaidi ni kuacha mguu uning'inie upande ambao sleji inaweza kugonga bonge la barafu. Kwenye mteremko mkali mwendeshaji huzungusha mnyororo au kamba nene chini ya reli za sleji ili ikwaruze na kupunguza mwendo, na penye hatari zaidi huwahamishia mbwa nyuma ili wazuie badala ya kuvuta.

Barafu ya bahari si sawa na ya ziwani. Ina chumvi, hivyo kwa unene ule ule ni dhaifu zaidi, lakini ikiwa changa hujipinda kabla ya kupasuka. Mwindaji huipima kwa tooq, mti mrefu wenye ncha ya chuma. Hupiga mbele yake, na ncha ikipenya kwa pigo moja haendi. Barafu yenye rangi nyeusi ni nyembamba au imelowa. Theluji iliyoangukia barafu changa ni mtego: hufanya kazi ya blanketi, barafu chini yake haikui, na juu panaonekana peupe na imara kama kwingine. Penye rasi, mkondo hula barafu kwa chini, kwa hiyo njia ya sleji huzunguka mbali na ncha ya nchi hata kama kukata moja kwa moja kungeokoa saa nzima. Na ufukweni kuna ufa wa maji kupwa na kujaa: barafu iliyoshika mwamba haisogei, ile ya baharini hupanda na kushuka, na katikati yao hufunguka mwanya. Kila safari huanza na kuisha kwa kuuvuka mwanya huo, na ndipo mgeni anapoteleza akiwa tayari anafikiria chai.

Nguo, uso na jasho

Adui si baridi peke yake, ni jasho. Pamba ikilowa haikauki, na ukiacha kutembea hukugandisha. Karibu na ngozi vaa sufu, juu yake sufu nyingine au nguo ya manyoya bandia, kisha koti nene, kisha la kuzuia upepo. Kwenye sleji unakaa bila kujisogeza kwa saa nyingi, kwa hiyo unahitaji nguo zaidi ya mtu anayetembea, na waandaaji wazuri hukuazima ovaroli nene au mavazi ya ngozi ya sili. Viatu viwe vikubwa kuliko saizi yako. Kiatu kinachobana hukata mzunguko wa damu na vidole hufa ganzi, hata ukivaa soksi tatu. Glovu ziwe jozi mbili, nyembamba ndani na kubwa ya mfuko nje. Vua hereni na miwani yenye fremu ya chuma. Miwani ya jua ni ya lazima: mwanga wa Aprili ukirudi kutoka kwenye theluji huunguza macho, na maumivu huja usiku.

Kila nusu saa mtazamane nyuso. Vitabu husema tafuta doa jeupe, lakini kwa ngozi nyeusi doa hilo huonekana kama rangi ya majivu, limepauka na kung'aa kama nta, na ni rahisi kulikosa. Gusa pua, mashavu na masikio. Pakiwa pagumu na hapana hisia, weka kiganja chenye joto pale pale mpaka hisia irudi. Usisugue, na hasa usisugue kwa theluji.

Kamera ibaki nje ya joto. Ukiingia nayo ndani, mvuke huganda kwenye lenzi na ndani ya mwili wake. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uiache ipate joto taratibu humo humo. Betri zikae kifuani.

Kuhusu dubu kanuni ni fupi: usitoke nje ya nyumba za mwisho bila mwenyeji mwenye bunduki na anayejua kuitumia. Dubu huja hadi kijijini, hasa barafu inapokuwa haipo na anasubiri pwani mpaka ishike. Kijiji kina doria ya kuwafukuza kwa kelele na fataki kabla mambo hayajafika kwenye risasi. Mbwa wakianza kulia wote upande mmoja usiku, usitoke kwenda kutazama.

Ndani ya kijiji

Nyumba nyingi hazina choo cha kuvuta maji. Kuna ndoo yenye mfuko, na mfuko hukusanywa. Mwamba ulioganda hauruhusu kuzika mabomba kwa urahisi. Maji hutumika kwa kipimo, na kuna jengo la umma la kuogea na kufulia. Ukikaa kwa watu usioge kila siku kana kwamba uko hotelini.

Duka ni moja, la kampuni ya serikali ya Pilersuisoq. Shehena huja kwa meli mara chache tu wakati wa kiangazi, na vinavyokuja kwa ndege ni vichache na ghali. Kabla meli ya kwanza haijaingia rafu huwa wazi, matunda yamekwisha, na vifaa unavyoviona ni vya mwaka jana. Njoo na chakula chako cha safari na dawa za kutosha, na uwe na kroni za Denmark taslimu, kwa sababu mashine ya kadi hutegemea mawasiliano ya setilaiti.

Ukialikwa kaffemik, nenda. Ni nyumba iliyofunguliwa kwa sababu ya siku ya kuzaliwa, ubatizo, siku ya kwanza ya mtoto shuleni, au mnyama wa kwanza wa kijana. Unavua viatu mlangoni, unasalimia, unakaa panapopatikana, unakula keki na nyama iliyopo, unakunywa kahawa, unasema qujanaq (asante), unaondoka. Nusu saa inatosha, maana wengine wanangoja kiti chako. Hapa Mswahili huteleza: kwetu kuaga mapema ni kumdharau mwenyeji, kule kung'ang'ania kiti ndiyo kumdharau.

Watu huzungumza Kigreenland cha Mashariki nyumbani. Shuleni hujifunza kile cha Magharibi, ambacho ndicho lugha rasmi, pamoja na Kidenmark. Kiingereza ni cha vijana wachache. Jibu mara nyingi halina sauti: nyusi zikipanda ni ndiyo, pua ikikunjwa ni hapana. Mgeni asiyejua hurudia swali mara tatu akidhani hajasikika, kumbe amejibiwa zamani.

Mbwa wazima hufungwa, na kila mmoja ana duara la urefu wa mnyororo wake. Usiingie ndani ya duara hilo, hata mbwa awe anatikisa mkia. Vitoto huachiwa huru, na hata hao usiwashike bila ruhusa, kwani mama yao yuko karibu. Usipige picha madirishani, makaburini, wala watoto bila mzazi kukubali. Nyama na ngozi zilizoanikwa nje ni chakula na mali ya mtu.

Nyama, na mabishano yake

Utapewa mattak, ngozi ya narwali pamoja na mafuta yake, mbichi, imekatwa vipande vidogo vyenye mipasuo. Hutafunwa kwa muda mrefu. Ngozi hiyo ina vitamini C nyingi, na ndiyo iliyowakinga Wainuit na kiseyeye katika nchi isiyoota machungwa. Supu ya sili, suaasat, hupikwa kwa vitunguu na mchele au shayiri. Ng'ombe wa miski, yule mwenye manyoya yanayoburuza, nyama yake haina tofauti kubwa na ya ng'ombe tunayemjua. Dubu na walarasi lazima wapikwe mpaka waive kabisa kwa sababu hubeba vimelea vya trikinela, na ini la dubu haliliwi: vitamini A iliyomo humo ni sumu kwa binadamu.

Kabla hujatoa maoni yako kuhusu sili, jua yaliyotokea. Kampeni za Ulaya na Marekani dhidi ya biashara ya ngozi za watoto wa sili zilizaa marufuku ya Ulaya mwaka 1983, na mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku bidhaa zote za sili isipokuwa zile za Wainuit. Wainuit hawakuwa wakiwinda watoto wale weupe, lakini soko la ngozi lilianguka kwa wote, na msamaha wa kwenye karatasi haukulirudisha. Mwindaji aliyekuwa akinunua mafuta ya boti na risasi kwa ngozi alibaki na nyama tu. Mtalii anayemhubiria mtu huyo juu ya huruma anaingia kwenye ugomvi wa zamani, na yeye ni wa upande ulioshinda.

Narwali ni suala gumu zaidi, na hapa sipendi kuegemea upande mmoja. Wanasayansi wanaoishauri NAMMCO, tume ya nchi za kaskazini kuhusu mamalia wa baharini, wamependekeza uwindaji wake mashariki mwa Greenland usimame kabisa. Serikali imeendelea kutoa mgawo, na wawindaji wanasema hesabu za ndegeni haziwaoni wanyama wanaowaona wao. Kwa mgeni la maana ni kutonunua pembe yake.

Ngoma ya Wainuit nayo ina utaratibu wake. Ni duara la mti lililowambwa ngozi nyembamba, lakini kijiti hupiga ukingo wa duara, si ngozi. Zamani watu wawili wenye ugomvi waliweza kuumaliza kwa nyimbo za kejeli mbele ya watu, na aliyewachekesha watazamaji zaidi alishinda kesi. Wamisionari waliipinga ngoma hiyo, ikapungua, na sasa inafundishwa tena. UNESCO iliiandikisha kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2021.

Meli, na utakachobeba

Septemba huja meli za kitalii, na meli moja yaweza kushusha watu zaidi ya nusu ya idadi ya wanakijiji. Wanatembea saa mbili, wanapiga picha, wanarudi kula melini. Ukija kwa njia hiyo, gawanyikeni vikundi vidogo, msijazane dukani na kumaliza mkate ambao wenyeji wanausubiri, na nunueni kitu cha mikono ya watu wa pale.

Kitu gani? Vinyago vya tupilak ndivyo sanaa ya mashariki inayojulikana zaidi. Asili yake ni kiumbe kilichoundwa kwa siri kwa mifupa na ngozi ili kimuue adui, na vinavyouzwa leo ni vinyago tu vilivyoanza kuchongwa kwa ajili ya wageni baada ya Wazungu kufika Tasiilaq mwaka 1884. Chagua kilichochongwa kwa pembe ya kulungu wa kaskazini au ya ng'ombe wa miski, maana hicho hakina matatizo mpakani. Jino la walarasi au la narwali na ngozi ya dubu huangukia chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, na afisa wa forodha Nairobi hatasimama kubishana kama jino ni la walarasi au la ndovu. Bidhaa ya ngozi ya sili iwe na cheti cha asili ya Kiinuit ikiwa unapita Ulaya. Ukipita Marekani usiibebe kabisa: sheria yao ya mwaka 1972 ya kulinda mamalia wa baharini huizuia hata ukiwa na cheti. Risiti ioneshe mnyama na kijiji, na uihifadhi pamoja na pasipoti, si ndani ya begi linalokwenda chini ya ndege.